Shilingi Juu ya Filamu

Imetangazwa, na waraka wenye muhuri ukabandikwa mlangoni, kwamba chumba cha giza ni mahali pa kuoshea filamu za eksirei na si mahali pa jambo lingine lolote. Ndani yake hapataliwa wala hapatanywewa. Hapatawekwa chakula, kiwe kibichi, kiwe kimepikwa, kiwe kiporo. Nuru ya nje haitaingia kwa njia yoyote ile, na nuru ya ndani itakuwa ya taa nyekundu peke yake. Mamlaka itamtuma mkaguzi wake kuyathibitisha haya, na chumba kitakachokiuka hata kifungu kimoja kitafungwa siku hiyo hiyo. Waraka ulikuwa na herufi nzito, ulikuwa na saini isiyosomeka, na ulikuwa sahihi katika kila neno. Haukusema tu watu wakale wapi mwezi wa Ramadhani.

Kliniki ya meno ya Daktari Amjad iko Shela ya Malindi, katika nyumba ya zamani ya mawe ambayo kila dirisha lake linatazama jiko la jirani. Chumba cha giza kiko nyuma kabisa, mwisho wa ukumbi. Zamani kilikuwa stoo ya mchele, ndiyo maana hakina dirisha. Mwenye chumba hicho, kwa kazi kama si kwa hati, ni Bi Swabra binti Aboud, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi na macho yaliyozoea kuona pasipo na cha kuonea.

Watu wake ni wa Siyu, visiwani. Yeye amezaliwa Malindi, jambo ambalo jamaa wa Siyu wanalihesabu kuwa bahati mbaya na jamaa wa Malindi wanaliona halitoshi. Babake, Mzee Aboud, alikuwa na studio ya picha karibu na soko la zamani, akamfundisha bintiye kuosha picha angali msichana. Hakumfundisha kwa mapenzi ya maendeleo. Familia za mjini zilikuwa radhi bibi harusi apigwe picha chumbani, kichwa wazi, hina mpaka viwikoni. Hazikuwa radhi filamu hiyo ikaoshwe na mwanamume asiyewahusu. Studio nyingine zilikosa harusi kwa sababu hiyo. Mzee Aboud alikuwa na Swabra, na Swabra alikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani.

Ikawa anawaona maarusi wa Malindi kabla ya waume zao kuziona picha, tena anawaona kinyume, kama filamu inavyowatoa: nywele nyeupe, uso mweusi, meno meusi tititi. "Nimewaona wote wakiwa vikongwe," alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja aliyeharibika sana." Kisha simu zikaota macho, maarusi wakajipiga wenyewe, na studio ya Mzee Aboud ikawa duka la mtu mwingine la kuuza vifuniko vya hizo simu.

Daktari Amjad aliporudi na shahada yake ya meno, mamake alimwambia neno moja tu: ukitaka mtu wa filamu, mtafute yule aliyeosha harusi yangu. Hivyo ndivyo Swabra alivyoingia kwenye stoo ya mchele. Wale maarusi sasa ni mama za watu, na huja kliniki mmoja mmoja, shavu kiganjani. Swabra huwatambua, ingawa siku hizi anaanzia kwenye mizizi.

Filamu ya meno si kubwa kuliko biskuti ya chai. Inakaa ndani ya pakiti yake pamoja na karatasi nyembamba ya madini ya risasi, ambayo kazi yake ni kukaa nyuma ya filamu. Daktari akiwa na haraka akaiweka mdomoni mwa mgonjwa mgongo mbele, picha hutoka imefifia, na juu yake alama za mistari ya karatasi hiyo, kama za tairi. Hapo Swabra huufungua mlango kidogo akaita:

"Daktari, kuna gari limepita juu ya jino la huyu bwana."

"Lori au tuktuk?"

"Lori. Mpige tena."

Na humpiga tena, bila ya mtu kununa.

Makosa yaliyobaki ni ya chumbani, na hayo Swabra huyachukua kuwa yake. Dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha, inapenda ubaridi. Vitabu vyake viliandikwa na watu ambao maji yao ya bomba hutoka baridi. Malindi, kaskazi ikishika, maji ya tangi la darini hutoka yakiwa tayari kwa chai, na dawa ikipata joto hilo huipika filamu mpaka jino na ufizi vikawa rangi moja. Basi Swabra hununua barafu za mifuko kwa jirani, akaziweka kwenye beseni, na chombo cha dawa akakikalisha katikati kama mtoto mwenye homa. Dawa ya pili, ya kuikaza picha, haitaki kuharakishwa. Filamu iliyotolewa mapema huonekana nzuri leo, na baada ya muda ikageuka hudhurungi kama kanzu iliyomwagikiwa kahawa. Maji ya kusuuzia lazima yawe matamu. Kisima cha kliniki kina chumvi, na filamu iliyosuuzwa kwa maji yake hukauka na madoa meupe yanayofanana na ugonjwa ambao mgonjwa hana. Ya kusuuzia huletwa kwa mkokoteni.

Taa nyeupe ya darini aliing'oa mwaka ule ule wa kwanza, baada ya mtu kuingia na kuiwasha filamu ikiwa wazi. Na ile friji ndogo iliyosimama ubavuni mwa meza ya kazi, inayoweka filamu mpya na barafu, aliitoa glopu yake kwa mkono wake mwenyewe. Kilichobaki ni taa nyekundu moja, na chini yake Swabra anatembea kama mtu aliye sebuleni kwake.

Sasa Ramadhani. Mji wa Shela hauna sheria ya kumkataza asiyefunga kula. Una madirisha. Mwambire, mfagiaji wa kliniki, ni mtu wa Ganze, mwimba kwaya, na dini yake haimdai saumu. Lakini hakuwa na moyo wa kukaa uani akatafuna mbele ya wenye kufunga, huku mama wa jirani akimtazama kutoka jikoni kwake kwa huruma. Sahla wa mapokezi naye ana siku zake chache katika mwezi, zile ambazo dini yenyewe imempumzisha mwanamke, na ambazo hata hivyo hakuna mwanamke wa Shela atakayeonekana akila. Katika nyumba nzima palikuwa na mlango mmoja tu ambao ukifungwa haufunguliwi na mtu, kwa kuwa kila mmoja amefundishwa kwamba kuufungua ni kuharibu picha.

Hakuna aliyeomba ruhusa na hakuna aliyepewa. Chakula kilikuwa kikionekana kwenye friji asubuhi na kutoonekana alasiri, na Swabra, ambaye mwenyewe hufunga mwezi mzima na siku sita za sunna za Shawwal juu yake, hakuwahi kuuliza. Masharti yake aliyasema mara moja tu, akiutazama ukuta: anayeingia humu aoshe mikono kwa sabuni anapotoka, na meza ya kazi asiiguse hata kwa bahati mbaya. Sababu ilikuwepo. Mwaka uliotangulia, filamu ya mzee mmoja wa Mambrui ilitoka na doa jeupe juu ya mzizi wa gego, Daktari akaikazia macho, akaanza kusema maneno ya Kilatini. Halikuwa gonjwa. Lilikuwa dole gumba lenye mafuta. Gego lilikuwa zima. Sambusa ilikuwa ya nyama.

Ndipo waraka ukaja, na tarehe ya mkaguzi: Alhamisi.

Daktari Amjad aliwakusanya mapokezini. Yeye ni kijana mwungwana asiyejua kupaza sauti, kwa hiyo anapotaka kutisha huishusha.

"Wakikifunga chumba," alisema, "sina njia ila kununua kile kidude cha kisasa. Kinaingia mdomoni, picha inatoka kwenye kompyuta. Hakina dawa, hakina giza."

Hakumtazama Swabra alipolisema hilo, na wote wakaelewa kuwa ndivyo alivyomtazama. Kidude kile amekuwa akikiangalia kwenye simu yake miaka mingi, kama mtu anavyoliangalia gari la jirani. Kingeingia, mtu wa giza angekwenda nyumbani. Na nyumbani kwa Swabra kuna mama mzazi asiyeweza tena kushuka ngazi, na hakuna mtu mwingine anayetoka asubuhi kwenda kutafuta. Picha zilikwisha mtupa mara moja. Alikuwa na hamu ndogo sana ya kutupwa mara ya pili na jambo lile lile.

"Mwambire," Daktari aliendelea, "kila kilichokufa humu ndani kifufuliwe kabla ya Alhamisi. Kila taa iwake."

"Ndiyo, Daktari."

"Na chumba cha giza kisafishwe Jumatano jioni," akasema Swabra. "Kwenye friji nitatoa kila kitu mwenyewe."

Mamlaka ilisema Alhamisi, ikaja Jumatano asubuhi, ili ione ukweli.

Mkaguzi aliitwa Bwana Thuku. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, mwenye mkoba wa ngozi, na alikuwa ameondoka Mombasa alfajiri na mapema. Njiani alikusudia kufungua kinywa akifika Malindi. Alipofika Shela alikuta kila hoteli imeshusha pazia, na kila mtu anamwambia karibu. Sahla alimkaribisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akamwashia feni, na hakumletea kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuletwa. Mwezi mwingine wowote mgeni kuketi namna hiyo bila hata maji ingekuwa aibu ya kusimuliwa. Thuku alilitazama jagi tupu la mapokezi, akalihamisha jicho.

"Mnaendelea poa?" akauliza.

"Alhamdulillahi," alisema Sahla. "Safari haikuwa na tabu?"

"Ilikuwa sawa. Ni joto tu." Akameza mate. "Tuone hicho chumba."

Swabra alimsimamia mlangoni. Alimuona akikagua pembe za mlango kwa vidole, akipiga goti kutazama ufa wa chini, akinusa zile dawa mbili moja moja, na moyo wake ukatulia kidogo na kuingiwa na hofu kidogo, kwa kuwa aliona huyu si mtu wa kusaini kutokea kwenye gari. Anaijua kazi.

"Nani ameweka mpira hapa chini ya mlango?"

"Mimi. Ni mpira wa baiskeli."

"Ni mzuri. Wengine wanaweka gazeti." Akasimama, akajipangusa magoti. "Sasa tufanye ile ya shilingi. Unaijua?"

Aliijua. Babake aliifanya kila mwaka mpya. Unaifungua filamu gizani, chini ya taa nyekundu, unailaza mezani, unaweka sarafu juu yake, na unaiacha ilale muda wa kuchemka birika. Kisha unaiosha. Chumba kikiwa kizima, filamu hutoka nyeupe yote na shilingi haionekani. Kama kuna nuru inayoingia mahali, filamu huungua na kuwa nyeusi kote isipokuwa pale shilingi ilipokaa. Na hapo shilingi huonekana, duara jeupe, na chumba kimekwisha.

"Tufanye," alisema Swabra.

"Lakini mimi ndiye nitakaa na filamu. Peke yangu." Thuku alitabasamu kwa kuomba radhi. "Usinielewe vibaya, mama. Kuna mahali mtu aliifunika na leso yake, nikamwachia cheti. Baadaye ndio nikajua."

Wakaingia wote wawili, Swabra akafungua filamu kwa ncha za vidole, mkaguzi akaweka sarafu yake mwenyewe juu, Swabra akatoka haraka, mlango ukafungwa. Ndani alibaki Bwana Thuku, kigoda kimoja, taa nyekundu, filamu iliyolala uchi, na friji.

Swabra alisimama ukumbini akiegemea ukuta. Friji alikuwa hajaifungua asubuhi ile, lakini alijua chakula bado kimo: chombo cha bluu cha Mwambire, muhogo wa nazi na ng'onda, samaki mkavu anayejitangaza mwenyewe. Alikuwa amekwisha kulifikiria hilo na kujiambia kwamba mkaguzi wa filamu hana sababu ya kufungua friji ya watu, na kwamba hata akiifungua baadaye, ni suala la maneno, na maneno anayo. Filamu ndiyo isiyojua kubembelezwa.

Mwambire alikuja na ndoo yake, akajifanya anapiga deki mahali palipokwisha pigwa.

"Amekaa?" alinong'ona.

"Amekaa."

Wakasikiliza. Swabra anaijua kila sauti ya chumba kile, kama mtu anavyokijua kikohozi cha mzee wake. Alisikia kigoda kikilia. Alisikia tumbo la mtu mzima likinguruma, sauti ambayo mwezi ule hakuna mtu wa Malindi asiyeitambua.  Kisha akasikia ule mpira wa mlango wa friji ukiachana na mwili wake: *kwap*.

"Bi Swabra," alisema Mwambire polepole, "amefungua friji."

"Nimesikia. Labda anatafuta maji. Gizani hataona kitu."

Mwambire aliliweka tambara chini.

"Ataona," alisema.

"Ataonaje?"

"Ile taa ya ndani nimeitia jana jioni. Daktari alisema kila taa iwake."

Swabra alimgeukia pole pole.

"Taa ya ndani ya friji."

"Ilikuwa haina glopu, Bi Swabra. Nikajua imeungua. Nami mle ndani nakula kwa tabu, dada yangu: samaki mwekundu, mwiba mwekundu, kidole chekundu. Juzi nimejiuma."

"Mwambire baba," alisema Swabra, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa rambirambi, "hiyo glopu niliitoa mimi."

"Basi ningejuaje?"

Ni kweli asingejua. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia, na kumwambia kungelazimu kwanza kukubali kwamba anakula humo. Swabra aliunyoosha mkono kwenye kitasa, akaurudisha. Kuufungua mlango sasa ni kumwaga nuru ya ukumbini juu ya filamu mbele ya macho ya mkaguzi, na kosa lingekuwa lake bila ya mjadala. Kutofungua ni kungojea. Akangojea. Aliuona mwisho wa jambo lote akiwa amesimama pale pale: duara jeupe, cheti kisichotolewa, kidude cha kisasa, ngazi za nyumbani kwao.

Ndani, mpira wa friji ulilia tena, ukifungwa kwa haraka.  Kisha ukafunguliwa tena, safari hii taratibu, kwa mkono wa mtu aliyekwisha fikiri. Bwana Thuku anaijua kazi. Alikuwa amejua, tangu nuru ya kwanza, kwamba filamu imekwenda. Filamu ilikuwa imekwisha haribika. Muhogo ulikuwa bado.

"Anakula," alisema Mwambire.

"Nyamaza."

"Anakula taratibu. Yule ng'onda ana miiba."

"Anayo taa," alisema Swabra.

Hatimaye mlango uligongwa kwa ndani, kwa heshima. Swabra aliingia, akaufunga nyuma yake, na harufu ya dawa na harufu ya nazi zikampokea pamoja.   Akaibana filamu kwa kibanio, akaitia kwenye dawa ya kwanza, akaanza kuitikisa kwa mwendo ule ule wa siku zote, na chini ya taa nyekundu wakainamisha vichwa wote wawili kama wanaotazama kisimani.

Ilianza kuwa nyeusi mapema mno. Ikawa nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni, kote, mpaka pembeni. Katikati lilibaki duara jeupe, zima, kali, zuri. Swabra aliisuuza, akaitia dawa ya pili, akaiacha ikae muda wake wote bila kuuharakisha, kwa vile hata filamu ya kumfukuzisha kazi haina haja ya kugeuka hudhurungi.

"Chumba kina nuru," alisema Thuku hatimaye. Alisema kwa uzito wa kazi, kisha uzito ukamponyoka.

"Kina nuru," alikubali Swabra.

"Ingekuwa ni mlango, ingeungua upande mmoja." Alikuwa akiongea na filamu. "Ingekuwa ni hii taa nyekundu, ingekuwa kijivu tu, kidogo kidogo. Hii..."

"Hii ni kama mtu amefungua dirisha."

"Hakuna dirisha."

"Hakuna, bwana. Ilikuwa stoo ya mchele."

Wakasimama. Swabra alijua kwamba akiitaja friji ametaja chakula, na chakula ni kifungu cha pili cha waraka. Thuku alijua kwamba akiifeli filamu itambidi aandike chanzo cha nuru, na aliyekifungua chanzo hicho alikuwa na unyuzi wa samaki kwenye jino la mbele. Kila mmoja alikuwa ameushika mkia wa mwenzake, na wote wawili walikuwa watu wenye adabu.

Swabra ndiye aliyeanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

"Bwana Thuku, nikwambie ukweli wangu. Mle ndani ya friji palikuwa na taa. Si ya kawaida yetu. Mimi niliitoa siku nyingi, na jana mwenzetu akairudisha kwa wema wake, bila ya kujua. Kosa ni langu, sikumwambia mtu. Kama ni kufunga chumba kwa sababu hiyo, sina la kukushika."

Thuku alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mtu akiwa kazini hana sababu ya kufungua friji filamu ikiwa wazi," alisema.

"Hana."

"Mtu anayejua kazi."

"Labda awe na kiu," alisema Swabra. "Joto la mwezi huu si la mchezo."

Ukumbini ilisikika ndoo ikisogezwa karibu zaidi na mlango.

"Na waraka unasema pia kuhusu chakula," alisema Thuku, akijitahidi kurudi kwenye kazi. "Ni lazima niulize. Kuna chakula kwenye hiki chumba?"

Swabra aliifungua friji. Ile glopu mpya iliwaka, nyeupe na yenye furaha. Palikuwa na masanduku mawili ya filamu, mifuko ya barafu, na chombo cha bluu ambacho kifuniko chake kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko Mwambire anavyokifunga. Akakifungua. Kilikuwa kimelambwa.

"Hakuna," alisema.

Mkaguzi alikitazama chombo, akauona ukweli wa neno hilo.

"Hakuna," alikubali. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ni cha nani?"

"Cha Mwambire. Mkewe hupika Ganze usiku, yeye huja nacho asubuhi."

Thuku alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea habari ya msiba wa mbali. Akanyoosha mkono ndani ya friji, akaizungusha glopu mpaka ikazimika na kutoka, akaitia mfukoni mwa shati.

"Lete filamu nyingine," alisema. "Turudie. Mara hii wewe kaa hapa, mimi nitakaa nje."

"Na leso yangu?"

"Leso uniachie."

Alimwachia leso. Alikaa kwenye kigoda chake, ndani ya giza lake, peke yake na shilingi ya mtu mwingine, na hakupumua sana. Muda wa birika ulipopita aliita, Thuku akaingia, filamu ikaingia kwenye dawa, wakaiinamia tena. Swabra aliikodolea macho pale katikati mpaka machozi yakamlenga, akilitafuta lile duara. Filamu ilibaki nyeupe. Akaigeuza, akaielekeza kwenye taa, akaitazama kwa ubavu. Shilingi haikuwepo. Ilikuwa kama haijawahi kulala pale.

"Hiki ni chumba kizuri," alisema Thuku, na Swabra akakaa juu ya ndoo ya maji matamu.

Cheti aliandikiwa mapokezini, mbele ya Daktari Amjad, ambaye alikuwa ametoka kwa mgonjwa wake na glavu mkononi. Thuku aliandika kwa mwandiko wa kupendeza. Alipokuwa akitoka alimpita Mwambire mlangoni, akasita, akasema bila ya kumtazama vizuri:

"Wewe ndio wa Ganze? Salimia watu wa nyumbani. Waambie nimeshukuru."

"Ameshukuru nini?" Daktari aliuliza, gari lilipokwisha ondoka.

"Usafi," alisema Swabra.

Daktari Amjad alikisoma cheti kwa sauti, mara mbili, na mara ya pili hata sauti yake ikapanda. Kilisema kwamba chumba kimekaguliwa kwa ukamilifu na mkaguzi mwenyewe akiwa ndani. Kwamba hakina nuru inayovuja. Kwamba hakitumiki kwa jambo lolote isipokuwa kuosha filamu. Na kwamba hapakuonekana humo dalili yoyote ya chakula. Kikabandikwa mlangoni, ubavuni mwa waraka, vikakaa pamoja vikikubaliana.

Mwambire alikiosha chombo chake cha bluu, akamaliza kupiga deki, akafunga mpaka adhana ya magharibi, akafuturu pamoja na wenzake.